Doa Jeupe Mtoni Ruvubu

Anatoli amewavusha watu mto Ruvubu kwa mtumbwi miaka ishirini na sita, na kina chake anakijua kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ila mahali pamoja tu. Wavushaji wa kivuko chake hawachovyi upondo mahali palipochukua mtu, huzunguka. Pale, palipoogopwa tangu enzi za baba yake, ndipo alipoanguka kutoka mtumbwini na kuzama mkewe Frida, miaka tisa iliyopita, mzigo wa maharage ukiwa umefungwa mgongoni.

Wapimaji walipokuja na mashine inayosoma kina kwa sauti, na nyingine ya setilaiti ya kuonyesha walipo, walimkodi awaongoze. Siku ya tatu mpimaji mmoja, binti aitwaye Swabaha, akamwonyesha ramani kwenye kompyuta. Mto wote ulijaa rangi, isipokuwa doa moja jeupe.

"Mzee, hapa umetuzungusha. Turudi."

"Hapo hapana mwisho," Anatoli alisema. Ndivyo alivyoambiwa na baba yake, na ndiyo maana siku ile Frida aliibuka mara mbili akimwita, naye akang'ang'ania mtumbwi akipiga mayowe, asijitupe majini.

Walirudi. Swabaha akasoma: "Mita moja na robo. Chini mwamba."

"Labda maji yamepungua."

"Mwaka huu yamezidi, mzee."

Anatoli akauchovya upondo. Ukagonga jiwe. Akautoa, akausimamisha ubavuni mwake. Unyevu uliishia kifuani.

Siku ile angeweza kusimama pale, akamnyooshea mkono.