Nilihangaika kutafuta kitabu cha mchezo kisichochapwa tena, kumbe nilikiuza mwenyewe kama kitabu cha chimie

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika kutoka Lubumbashi, nimekaa kwenye kiti kilekile nilichokalia jana na juzi. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sehemu ninazoonekana mjinga ndizo za kweli kuliko zote.

Kwa wasiojua, kuna michezo ya mezani inaitwa jeu de rôle. Mmoja anasimulia hadithi. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika anafanya nini, halafu kete zinaamua kama amefaulu au ametumbukia shimoni.

Hakuna bodi, hakuna mshindi. Ni kitabu cha sheria, kete, na mdomo.

Mimi na rafiki yangu Gaspard tulikuwa nacho kimoja tulipokuwa sekondari. Baba yake alikuwa dereva wa mhandisi mgeni, na mhandisi alipohama aliacha katoni ya vitabu vya Kifaransa. Ndimo kilimokuwa.

Gaspard alikuwa msimulizi. Mimi nilikuwa shujaa Kabwe, mwenye upanga mrefu, ambaye kila safari ikianza alikuwa na sababu ya kubaki hotelini.

(Ndiyo, hata kwenye mchezo. Endeleeni kucheka.)

Shida ilikuwa jalada. Lilikuwa na dude linaruka, linatema moto, na mama yangu ni mtu wa maombi.

"Ile nyama iko na mabawa, inatema moto, na weye unailalisha mu nyumba yangu?" (Nyama kwetu ni mnyama.)

Nikafanya kile kila mwanafunzi wa hapa anajua kufanya mwezi wa kufungua shule. Nilikifunika kwa karatasi ya kaki, nikabandika plastiki juu, na kwenye lebo nikaandika jina langu na CHIMIE 4e, yaani kemia ya mwaka wa nne.

Mama alifurahi sana kuniona ninasoma chimie kila jioni. Mwaka huohuo nilifeli chimie.

Tulipomaliza shule Gaspard alikwenda Ubelgiji. Hadithi tuliiacha mbele ya mlango wa ngome ya mwisho. Akaniambia, "Chunga kitabu. Nitarudia tumalize."

Tangu hapo, kila mwaka ananiandikia: "Kitabu iko?"

Ninajibu: "Iko."

Wakuu, kitabu hakikuwepo. Nilishakitafuta zamani nikakikosa. Lakini "iko" ni neno fupi, unaliandika bila kuinuka kwenye kiti.

Mwaka huu akaandika kwamba amepata tiketi. Anakuja kumuona mama yake, na anataka siku moja tu, mimi na yeye, tumalize ile ngome.

Hapo nikaanza kutafuta kwa kweli. Kampuni iliyokichapa ilishakufa. Mtandaoni, wenye nacho wanakionyesha kama watu wanavyoonyesha mtoto mchanga, hawakuachii. Scan niliyoipata ilikuwa ya kitabu cha wachezaji, si cha msimulizi kama chetu, na bila cha msimulizi hujui ndani ya ngome kuna nini.

Ikabidi nitoke nje.

Mjini kuna Papa Kalonji, anatandika vitabu vya zamani juu ya bâche, turubai, kando ya barabara. Nikamueleza lile dude la jalada.

"Nyama ya mabawa sijaona," akasema. "Na ulikuwa unaiweka namna gani?"

"Niliifunika na kaki. Nikaandika chimie."

Akaniangalia kidogo. "Na bitabu byako bya masomo, kisha kupata diplôme, ulibipeleka wapi?"

Nilivifunga vyote kwa kamba, fungu moja, nikaja kuviuza. Palepale. Kwake.

"Bon," akasema, bila hata kunicheka. "Bitabu bya chimie byote anabikamataka Mwalimu Mwape wa Kipushi. Nenda umuulize."

Kwenda Kipushi watu wanaita mwendo mfupi. Kwangu ilikuwa kuhama nchi. Nilibeba sweta, maji, na begi tupu la kurudishia kitabu.

Mwalimu Mwape ni mzee aliyestaafu, macho yamechoka. Niliposema ninatafuta kitabu cha zamani cha chimie chenye jina langu, akageuka ndani kumwita mke wake.

"Mama Odile, kuya uone. Mwenye chimie amefika."

Kilikuwa mezani, wakuu. Kaki ileile, imeng'aa kwa mikono. Pembeni kopo la maharagwe yenye namba, moja mpaka ishirini, kwa kuwa kete hawakuwa nazo.

Mwalimu alikinunua ili afundishie. Alipokifungua akataka kukirudisha, lakini Mama Odile alishasoma ukurasa wa kwanza na akauliza kisha inakuwa nini. Tangu macho ya mzee yapungue, mama anasoma, mzee anacheza. Kila Jumapili, Yenga kwa Kiswahili chetu, baada ya misa.

Mama Odile akasoma lebo, akaniangalia.

"Weye njo Kabwe?"

Pembeni mwa kurasa tulikuwa tukiandika kwa kalamu ya risasi yale Kabwe aliyofanya. "Kabwe anabaki hotelini" iko pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali. Basi wao wakamfanya mwenye hoteli.

"Yeye njo anatupikiaka bukari mbele ya kwenda kupigana," mama akasema (bukari ni ugali). "Muntu muzuri. Hatokake."

Nikaomba kitabu. Mwalimu hakukataa. Aliweka mkono juu yake tu, akauliza, "Kama unaikamata, siye siku ya Yenga tutafanya nini?"

Begi likarudi tupu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Luano, Gaspard alitoka na masanduku, na kabla ya salamu kuisha: "Kitabu iko?"

"Iko. Lakini haiko kwangu." Nikamwambia yote, hadi ile miaka ya uongo.

Kwanza alipakia masanduku ndani ya gari. Kisha akasema, "Unanipeleka Kipushi. Na hautabaki mu nyumba."

Jumapili tulikaa wanne. Mama Odile akasoma mpaka tukafika mlango wa ngome. Gaspard akachomoa upanga. Mwalimu akawasha mwenge. Mama akanigeukia.

"Na Kabwe?"

Wote watatu walikuwa wanatabasamu tayari.

Nikasema: Kabwe anafunga mlango wa hoteli, anatia ufunguo mfukoni, anatoka.

Nikachota haragwe. Namba mbili.

Kabwe aliteleza kwenye ngazi ya kwanza na kuvunjika mguu. Gaspard alimbeba mgongoni ngome nzima, huku akimtukana, mpaka tukamaliza.

Nilichojifunza: usifiche kitu vizuri kuliko kumbukumbu yako. Na kitabu kisichochapwa tena, kikipata watu wa kukisoma, hakijapotea. Kimehama nyumba tu.

Haya, leteni yenu: mmewahi kutafuta nini mkakikuta kwa mtu anayekipenda kuliko ninyi? Na mwenye kete za pande ishirini asizozitumia aniandikie. Ninakwenda Kipushi kila Jumapili sasa, na maharagwe yameanza kuliwa na wadudu.