Suruali ya Kafa Ulaya

Shilingi tisa na senti thelathini. Suruali shilingi saba, mche wa sabuni senti themanini, chumvi senti ishirini, kamba mpya ya kuanikia shilingi moja na senti thelathini. Nimejumlisha mara mbili, na mara zote mbili mama yangu hakuingia kwenye hesabu, kwa sababu sijui nimwandike upande gani.

Ilikuwa Mwanza, miezi michache kabla ya Uhuru. Kazi yangu ilikuwa kununua madebe matupu ya mafuta ya taa na kuwauzia wachota maji, na nilitaka siku ya kupandishwa bendera nami nionekane mtu. Muuza nguo kuukuu mmoja karibu na soko alikuwa na suruali ya buluu, nzito, ya aina ambayo siku hizi mnaiita jinzi.

"Kumi na mbili," akasema.

"Na mwenyewe yumo ndani?"

"Mwenyewe alishakufa, kaka. Hii kafa Ulaya. Hawezi kuja kukudai."

"Basi nipe bei ya mfu."

Kafa Ulaya ndilo jina tulilozipa nguo zote za namna ile, maana hakuna aliyeamini kwamba mtu mzima na akili zake angeweza kuvua suruali nzima akaiachia njia ije mpaka huku. Tukamalizana kwa saba. Masharti akanipa bure: igeuze ndani nje, iloweke kwenye maji baridi yenye chumvi ili rangi isikimbie, usiipigize kwenye jiwe, ianike kivulini.

Mama alinikuta uani natia chumvi kwenye debe.

"Nini hiyo?"

"Kafa Ulaya, mama."

Nilisema kama unavyosema khanga au kaptula. Lakini baba yangu alichukuliwa vitani nikiwa sijaota meno yote, na habari iliyorudi ilikuwa moja tu, kwamba amekufa ng'ambo. Wenzake waliorudi walisema ni Burma, msituni. Kwa mama, ng'ambo yote ilikuwa Ulaya. Hakuletewa mwili, wala kofia, wala kifungo. Basi akakataa matanga. Kila mara baba mdogo, ndugu yake baba, alipovuka ghuba kutoka Sengerema kumwambia kwamba msiba lazima uishe ili mjane naye awe huru, mama alimjibu kwa swali: "Mtalia mkitazama nini?"

Sasa akalivuta debe kutoka mikononi mwangu.

"Nguo ya marehemu haifuliwi na mtoto. Niachie."

Sikubisha. Kazi ya kufua sijawahi kuigombania. Mama aliifinya polepole, bila kuipigiza popote. Maji yakatoka buluu, akamwaga; yakatoka buluu tena. Nilianza kuyahesabu, nikaacha.

Alasiri upepo wa ziwani ulikatika. Nguo nyingine zote kambani zilining'inia kama nguo. Suruali ile ilisimama. Ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama bati, na goti la kushoto lilikunjwa kidogo, kama mtu anayepumzisha mguu huku akisubiri aulizwe habari. Nikalinyoosha kwa kiganja. Nilipoipa kamba mgongo nikasikia kitambaa kinalia nyuma yangu. Kutazama, goti limerudi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amekaza macho yake palepale.

"Mguu ule uliangukiwa na gogo," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "Alisimama hivyohivyo mpaka siku anaondoka."

"Mama, hiyo suruali ya Mzungu."

"Unamjua?"

Simjui.

Jumapili niliivaa. Ilinikaa kama niliyopimiwa, isipokuwa goti, ambalo lilikuwa na njia yake. Kufika sokoni nilikuwa nachechemea. Mama mmoja muuza samaki akaniangalia juu mpaka chini. "Wee, umeumia au ndiyo maringo ya suruali mpya?" Nikamwambia ni maringo, nikageuza kurudi nyumbani kabla hajauliza la pili.

Wanawake wa kwetu hupiga goti wakimsalimu mume au mkubwa. Mama hampigii goti mwanawe. Jambo hilo sijalisikia popote. Lakini nilipoingia uani mama alishuka, magoti yote mawili ardhini, mikono pamoja. Uso wangu hakuutazama. Alitazama goti la kushoto.

"Mbona umechelewa," akasema.

Jua lilikuwa kali, kuku wanapekua, jirani anachanja kuni. Kisha nikasikia mtu anajibu, "Njia ilikuwa mbaya," na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mama akainuka, akaenda kupika.

Sikuivaa tena. Siku ya bendera nilivaa kaptula ya kaki. Habari zilikuwa zimeshavuka ghuba, na baba mdogo akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Iko wapi?"

Akaiona kambani, akavua kofia. Kisha akasema, "Shemeji, umepata kitu cha kuzika. Tumalize."

"Mtu hazikwi na nguo mbichi," mama akasema. "Ngoja ikauke."

Akangoja. Kila ilipokaribia kukauka, mama aliishusha, akaichovya kwenye debe, akaianika upya. Kesho yake vilevile.

"Shemeji, hii itakauka lini?"

"Ikikauka nitakuita."

Hakumwita. Baba mdogo alikufa akisubiri. Mama aliifua maisha yake yote, na kabla hajafa aliniomba jambo moja: azikwe Sengerema, na upande wake wa kulia paachwe nafasi ya mtu mmoja.

Nafasi ipo, na wana wa baba mdogo wanapalilia pembeni yake tu. Suruali ninayo, kavu. Nikiilaza pale, huenda namlaza mgeni asiye na jina ubavuni mwa mama yangu. Nisipoilaza, mama bado anangoja. Nimelifikiri mara mbili, nikapata majibu mawili. Wewe unayesoma, kama kwenu mmewahi kumzika mtu kwa nguo yake tu, naomba unishauri. Mlijuaje kwamba ni yake?