Ngoma Isiyopashwa Moto

Ukimtaja Hilda pale Miyuji, hakuna atakayekwambia kwamba ni mpiga picha mzuri. Watakwambia ni yule dada anayekata watu. Mke akiachika anakuja na picha ya harusi, na Hilda anamtoa bwana harusi, anamwachia mwanamke keki yake. Ndugu wamegombania shamba, mmoja anataka picha ya kipaimara ibaki bila mwenzake. Hilda haulizi kisa. Anakaa mbele ya kompyuta, anamtoa mtu polepole kuanzia nywele, halafu anaziba pengo kwa ukuta au majani, na hata ukikodoa macho huwezi kujua kwamba pale palisimama binadamu. Roho haikumuuma hata kidogo. Aliwatania wateja kwamba kwake maiti haizikwi, inafutwa tu.

Lakini moyoni alitamani kujulikana kwa jambo jingine. Alitaka siku moja apige picha ya kuwaziba watu midomo, itundikwe mahali pa maana, na jina lake liandikwe chini yake. Ndiyo maana Castory alipompigia simu, aliacha wateja watatu kwenye benchi akaenda.

Castory alikuwa kijana wa Mbinga aliyepelekwa Cuba kusomea udaktari wa mifugo, akarudi na cheti na viuno. Cheti kilibaki kabatini. Viuno ndivyo vilivyokuwa vikimlisha, kwa kuwa kila Jumamosi alasiri alifundisha salsa katika ukumbi wa hoteli moja njia ya Arusha. Wanafunzi wake walikuwa watumishi waliohamia Dodoma na wizara zao na ambao Jumamosi iliwakuta hawana pa kwenda. Aliwapanga kwenye duara, wawili wawili, na kila alipopiga ukelele, kila mwanamume alimwachia mwenzie na kumdaka wa jirani. Wengine walidakana, wengine walikanyagana. Castory alitaka picha za kuitangaza shughuli hiyo.

Mwanzoni Hilda aliambulia takataka. Nyuso zilitoka zina mikia, mikono imefutika. Akaanza kuona aibu. Jumamosi moja akashusha kamera, akafumba macho, akasikiliza. Castory alikuwa akieleza habari za muziki ule: vile vijiti viwili vinavyogongwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na zile ngoma ambazo Waafrika waliouzwa ng'ambo walizibeba vichwani mwao, kwa sababu mikono ilikuwa imefungwa. Hilda hakusikia hata nusu ya maelezo. Alikuwa anamsikia mama yake.

Mama Hilda wa Hombolo alikuwa mpigaji wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mpigaji anaibana ngoma katikati ya mapaja akiwa amesimama, anaichapa kwa viganja, na wenzake wanarusha mabega mbele yake. Hilda alilelewa mgongoni mwa mama huyo, ngoma ikimtetemesha kifua kabla hajajua kusema. Alijua mahali ngoma inapovuta pumzi. Akagundua kwamba na hawa wa salsa wanasita hapohapo, kidogo tu, mguu ukiwa bado haujatua. Akaanza kubonyeza pale kwenye pumzi, na picha zikaja safi.

Castory akataka kujua siri. Hilda alipomsimulia, mwalimu alipiga magoti sakafuni kwa furaha.

"Dada Hilda, mizizi hiyo! Onyesho letu lote liwe mizizi. Nipeleke kwa mama."

Wakaenda Hombolo. Hapa lazima ijulikane kwamba mama huyu alikuwa na kidonda. Mwaka uliotangulia, kikundi chake kilimwondoa mbele. Vidole vilikuwa vimeanza kuchelewa. Hakuna aliyekuwa na adabu ya kumwambia. Siku moja walianzisha tu wimbo, na mbele alikuwa amesimama Ruthu, jirani ambaye mama mwenyewe alimfundisha tangu msichana. Tokea siku hiyo ngoma ilikaa nyuma ya magunia ya mtama. Basi alipoingia kijana nadhifu kutoka mjini, akainama na kusema shikamoo, akaomba Hilda ampige picha na ngoma yake, mama alijifuta machozi kwa kanga bila kujificha.

"Na siku ya onyesho utatupigia, mama," Castory alisema wakati wa kuaga, kwa namna ileile watu wa mjini wanavyosema tutaonana.

Mama aliipokea kama kiapo cha kanisani.

Njiani kurudi, Castory alimweleza Hilda mpango ulivyo. Muziki utatoka kwenye mashine. Mama ni wa bango kubwa ukutani, na wa wageni kupiga naye picha. "Utamwambia taratibu, eti? Wewe ni mwanawe." Kisha akaongeza kwamba picha zote za Hilda zitatundikwa ukumbini siku hiyo, na jina lake.

"Nitamwambia," Hilda akajibu.

Hakumwambia. Mama alipiga simu kila jioni. Amewambisha ngozi mpya ya mbuzi. Ameazima shanga. Amemwalika Ruthu amsindikize, na Hilda alielewa vizuri kwamba Ruthu anapelekwa kushuhudia. Kisha swali lilelile moja: "Moto utakuwepo? Ngozi hii ni mbichi, nisipoipasha haitasema kitu."

"Utakuwepo, mama."

Siku ikafika. Picha ya Mama Hilda ilikuwa ukutani, ndefu kuliko mlango, na chini yake wakaweka kiti kimoja cha plastiki. Mama akaketi na ngoma yake, njuga miguuni, Ruthu akiwa ameegemea ukuta nyuma yake. Wageni wakapanga foleni na simu zao. Bibi mmoja wa wizarani akauliza ngoma hii inashikwaje. Mama akasimama, akaibana mapajani kuwaonyesha. Watu wakaangua kicheko. Bwana mmoja wa suti akaomba naye aijaribu, akaibana, akakatika kidogo, wenzake wakamrekodi. Mama naye akacheka. Alidhani wanamchangamsha kabla ya kazi.

"Moto uko wapi?" alimnong'oneza mwanawe.

"Baadaye, mama. Subiri kwanza."

Shughuli ikaanza. Mashine ilinguruma, watu wakazunguka, wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Mama hakuegemea kiti. Alikaa mgongo wima, viganja juu ya ngozi, akingoja kuitwa. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ukakatika. Jenereta la hoteli likakohoa mara mbili, likanyamaza. Duara lote likasimama, wageni wa heshima wakaanza kutazama saa zao, na Castory, jasho likimtiririka, akageuka ukutani.

"Mama! Karibu, mama! Tupigie!"

Hilda alijua. Alipaswa kusema neno moja tu, kwamba ngojeni, ngoma ipashwe kwanza. Nje, uwani, jiko la nyama choma lilikuwa linawaka. Lakini jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa madirisha ya magharibi, likawaangukia wachezaji begani, na mwanga wa namna ile hakuwahi kuupata tangu ashike kamera. Alikuwa anabadilisha lenzi. Alinyamaza.

Mama akapiga. Ngoma ilitoa sauti ya gunia linalopigwa teke. Akapiga kwa nguvu zaidi, vidole vikachelewa, akarudia, vikachelewa tena. Wachezaji wakaitafuta ngoma kwa miguu wasiione, wakagongana, na mmoja akacheka. Kisha ukumbi mzima ukacheka. Castory akaanza kupiga makofi mbele ya uso wa mama, polepole, moja, mbili, tatu, kama anavyowafundisha wanaoanza, na mama, mwanamke aliyewafundisha nusu nzima ya wanawake wa Hombolo, aliinamisha kichwa akajaribu kufuata makofi yale.

Ruthu hakuvumilia. "Lete, mama," akasema, akaichomoa ngoma mapajani mwake. Akatoka nayo uwani, akaielekeza ngozi kwenye makaa, akaigonga kwa kidole mpaka ikaitika, akarudi. Pigo la kwanza tu, vicheko vikakatika. La pili, miguu ikaanza yenyewe. Castory akapiga ukelele, wanaume wakaachia, wakadaka, na safari hii hakuna aliyemkanyaga mwenzie. Ukumbi ulipagawa. Hilda alisubiri ngoma ivute pumzi, akabonyeza.

Alijua papo hapo kwamba ndiyo hiyo. Ruthu amerusha kichwa nyuma, duara limefunguka kumzunguka, jua liko kwenye kila bega. Na kushoto, kwenye kiti cha plastiki, mama yake, viganja viko juu ya mapaja matupu, mdomo wazi kidogo.

"Hii ni picha ya maisha," Castory alisema alipoiona. "Ila mtoe mama pale kushoto. Anaharibu furaha."

Hilda alimtoa jioni ileile. Alianza na nywele, kama kawaida yake. Alipomaliza akaziba kwa ukuta, akanywa chai. Bango likachapishwa, likabandikwa mpaka kwenye kuta za stendi, na chini yake jina lake kwa herufi kubwa. Alikuwa na furaha, tena nyingi. Aliiona aibu pia, lakini furaha ilikuwa mbele.

Mama akapiga simu. "Nasikia kuna picha. Niletee."

Ile nzima alikuwa nayo. Akajiambia kwamba si vema mzazi ajione na uso ule, kwamba kumficha ni huruma. Akabeba bango.

Mama alilitandaza mkekani, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole upande wa kushoto, kwenye ukuta mweupe.

"Hapa nilikaa."

"Mama, mwanga wa pale haukuwa mzuri."

"Kiti kiko wapi?"

Hilda akaanza kuzinyoosha pembe za bango.

"Mimi nimekosea kupiga, sawa. Kiti kilikosa nini?"

Hakupandisha sauti. Alilikunja bango vizuri, akaenda nyuma ya magunia, akarudi na ngoma. "Mpelekee Ruthu. Vyote viwili. Mimi sina tena kazi navyo."

Hilda akavibeba, akapita katikati ya mizabibu mpaka kwa Ruthu. Ruthu alipojiona alipiga vigelegele, majirani wakatoka. Kisha akaiona ngoma, akashusha bango.

"Mama amesemaje?"

"Amesema hongera," Hilda akadanganya.

Kesho yake alifungua duka Miyuji. Kwenye benchi alikuwa anamngoja mwanamke mwenye picha ya ubatizo, na katikati ya picha ameketi ajuza wa kilemba, mama mkwe wake. Mwanamke akamgonga yule ajuza kwa ukucha. Huyu atoke.

Hilda, ambaye hakuwahi kumuuliza mteja lolote, aliishika picha ile asiiweke mezani.

"Nimtoe na kiti chake?"

Mteja alimshangaa. "Kiti cha nini tena, na mwenyewe hayupo?"

Hilda akavuta stuli, akawasha kompyuta, akaanza na kilemba.