Moshi Uliosimama Juu ya Alexandra

Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa, miguu hunichezacheza, nami huinuka kuchungulia mlango. Nyumbani kwangu Hillbrow hutayakuta, hata umeme ukikatika.

Ilikuwa Mei ile ya 2008, sisi wageni tulipofukuzwa mtaa wa Alexandra na nyumba zetu kuchomwa kwa mafuta ya taa, tena na majirani tuliokuwa tukisalimiana nao. Mama na mimi tulipelekwa kwenye mahema, uwanja wa nyasi kaskazini mwa jiji. Baba, fundi cherehani wa Lubumbashi, alibaki nyuma kuiokoa cherehani yake. Kwenye simu alisema, "Moshi ikiisha, nitabafuata." Kisha simu yake ikazimika.

Basi nikajipa kazi ya kuulinda moshi. Kila jioni, tukishakula ugali wetu uliopoa, nilitazama upande wa Alexandra, na kila jioni niliukuta: doa jeupe angani, halisogei wala halipungui. Mama alipenda kusema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Nikimuuliza kama bado kunaungua, alinikazia kitenge mabegani na kujibu, "Bado, mutoto yangu. Lala." Nilale wapi! Nilizunguka hema mpaka nyasi zikafanya njia.

Tantine Furaha, shangazi wa heshima tu, jirani yetu wa hema la pili, alikuwa muuza mitumba. Katika mbio zile alikuwa ameokoa buti moja la kushoto na darubini kuukuu. Jioni moja mizunguko yangu ilimchosha, akanivisha darubini shingoni.

"Ile haiko moshi, mutoto. Ni nyota. Angalia muzuri."

Nikaangalia. Doa likawa chembechembe, kama unga uliomwagika, na pembeni fundo moja linang'aa. Badala ya kufurahi, niliishusha darubini. Kama si moshi, mbona Baba haji? Nilipomgeukia Mama, alikuwa akimtazama Tantine kwa hasira ambayo sikuielewa.

Baba alikuja Jumapili iliyofuata, jicho limevimba, kichwa cha cherehani begani. Mama alimgombeza kwanza, ndipo akalia.

Ukubwani nilisoma kwamba doa lile ni galaksi jirani, na lile fundo ni kundi la nyota ndani yake. Neno hilo, jirani, lilinichekesha vibaya. Ndipo nilipoielewa hasira ya Mama: alijua tangu jioni ya kwanza kwamba ule si moshi. Hakuwa na habari ya Baba ya kunipa, akaniachia moshi niungoje. Na ile njia ya nyasi kuzunguka hema, kila asubuhi niliikuta imekuwa pana kuliko nilivyoiacha usiku, na ndala za Mama zimelowa umande, nami nilidhani nyayo zote ni zangu.