Mfanyakazi Bora Ambaye Hakuajiriwa

Asubuhi moja watu watatu wenye ovaroli za bluu waligonga mlango wetu, wakanivisha kofia, wakanipa hongera kwa kuwa mfanyakazi bora wa mwezi.

Tatizo moja tu. Sikuwa nimeajiriwa.

Tena kampuni yenyewe ni ya kutengeneza friji. Mimi na friji wapi na wapi? Ya kwetu tulikuwa tunaifunga mlango kwa kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe ni changu, ndiyo maana mguu mmoja nilikuwa natembea unapwaya.

Ngoja niende taratibu, maana nikianza kuropoka mtanipotea.

Nina mjukuu tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Alikuwa kaajiriwa kwenye ofisi kubwa ya vioo. Kazi yake, alivyonieleza mwenyewe, ilikuwa kutafuta. Barua iko kwenye simu ya huyu, picha iko kwenye kompyuta ya yule, maagizo bosi kayasemea kwenye lifti. Kutwa nzima watu wazima na tai zao wanaulizana ulinitumia wapi.

Akaacha. Akasema sasa yeye ni mshauri. Anakwenda kwa timu ndogo ndogo, watu watatu, watu watano, anawapangia ofisi ndani ya simu. Kazi zote ukutani pamoja, kila kazi na mwenyewe, na chumba kimoja cha kuongelea.

Mama yake akamuuliza kama hiyo ni kazi au ni homa.

Huyo mama yake, mkamwana wangu, hana mchezo. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Asipopata mteja wa kusaini mkataba, aende akauze vigae dukani kwa mjomba wake.

Chiriku na vigae! Angeviongelesha mpaka vipasuke.

Bahati ikaangukia kwa fundi friji mmoja, wanamwita Barafu. Ana watu wawili: dereva ambaye ndiye fundi mdogo, na dada wa mapokezi. Barafu akakubali waijaribu ofisi hiyo mwezi mmoja, halafu aamue.

Kabla hajawapa, Chiriku akanifuata kwenye kochi langu.

"Babu, ukiweza wewe, hakuna atakayeshindwa."

Kama ni sifa au tusi, mpaka leo sijui. Akaniingiza kwenye ile ofisi kwa jina la Mzee, akanifundisha kuandika kazi. Nikaandika iliyokuwa inaniuma: friji ya kwa Mzee, mlango haufungi. Akanipigia makofi, akaenda zake.

Akasahau kunitoa.

Basi nikaona watu wanaingia. Mtu akiingia ulipo si unamsalimu? Kila asubuhi nawaandikia: hamjambo wanangu, mmeamkaje, dereva lile jino limepoa? Barafu nikamuuliza kama amekula. Akajibu amekula, na shikamoo juu. Kijana wa watu ana adabu.

Sasa kila kazi ilikuwa na kijisanduku pembeni. Friji ya bucha haigandishi, kijisanduku. Friji ya duka la dawa inanguruma, kijisanduku. Ukikigusa kinatoa alama ya kijani.

Mimi nilivyolelewa, mtu akikupa habari unaitikia. Nikawa naitikia. Kwangu mimi ile alama maana yake ni haya mwanangu, nimesikia. Naigusa ya bucha, naigusa ya dawa. Hata ile ya friji yetu nikaigusa, isionekane nawaheshimu wengine najidharau mwenyewe.

Zote. Kabla hata ya chai.

Mwezi ukaisha, ndio siku ile ya kofia. Barafu alikuja kutoa jibu, akauliza Mzee ni yupi, nikanyosha mkono. Chiriku kavaa koti la ofisini na kandambili. Mama yake naye alikuwa na matumaini yake: aproni ya duka la vigae ilikuwa imeshapigwa pasi, inaning'inia mlangoni.

Barafu akasema mwezi ule hawakuchelewa kazi hata moja. Akamsifu huyu Mzee, mtaalamu Chiriku aliyemweka awasimamie. Nikamwona mjukuu wangu anageuza shingo, ananitazama pole pole, kama mtu anayesikia kitu kinanuka na hajui kinatokea wapi.

Mkamwana akaenda jikoni kuwaletea wageni maji baridi. Akafungua ile kamba.

Mlango wa friji ukang'oka wote, ukaanguka puu.

Watu wote watatu wa kampuni ya friji wakasimama. Dereva akatoa simu, akatafuta, akakuna kichwa.

"Mbona hii imeandikwa imekwisha? Mzee mwenyewe ameiwekea alama."

"Nimeiitikia," nikasema.

Nikawaeleza vizuri tu, kama nilivyowaeleza ninyi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Chiriku alikuwa kimya.

Halafu akasema, "Huyu ni babu yangu. Nilisahau kumtoa. Kosa ni langu, sio lake."

Barafu akanivua kofia.

Akasema basi alama zote zile ni takataka, na ofisi ambayo babu wa watu anaweza kuimaliza kwa kidole akiwa kwenye kochi si ofisi. Akawaambia wenzake waondoke. Mkamwana jicho likaenda kwenye aproni.

Dereva hakuondoka. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya friji yetu, fundi ni fundi.

"Lakini bosi, kazi si zilifanyika?"

"Zilifanyikaje?"

"Mimi nilidhani Mzee ni baba yako. Nafungua simu asubuhi, nakuta kashasema imekwisha na hata gari sijaliwasha. Sasa nimfanye baba yako muongo? Nakimbia."

Dada wa mapokezi akadakia kuwa yeye alijua ni mwenye jengo, ndiyo maana aliacha kutoroka mapema. Barafu mwenyewe akakiri, kwa sauti ndogo, kwamba alidhani ni mkaguzi.

Friji iliyoachwa ni moja tu, ya kwetu. Wote waliona Mzee kaandika na Mzee kamaliza. Nani akamkague Mzee?

Hapo Chiriku akafufuka. Akavuta kompyuta, akakaa sakafuni, mdomo unakwenda na vidole vinakwenda. Akasema wao walikuwa na kijisanduku kimoja cha kugusa kwa mambo mawili. Mtu akisikia na mtu akimaliza ni vitu tofauti. Akakigawa viwili: kimoja cha nimeona, anagusa yeyote. Kingine cha nimemaliza, anagusa mwenye kazi peke yake, na hakikubali bila picha.

"Ijaribuni. Friji si hiyo hapo?"

Barafu akaiandika upya. Mimi nikagusa nimeona. Kwa kiherehere nikagusa na kile kingine, kikanikatalia. Barafu akanikazia macho, akaniambia nirudie. Kikanikatalia tena.

Akacheka, akakunja mikono ya ovaroli, akashika bisibisi. Dereva alipofunga bawaba ya mwisho akapiga picha, akagusa nimemaliza. Ikatokea kijani. Mkataba ulisainiwa juu ya friji yetu, mlango umefungwa, na kamba yangu nikarudishiwa.

Nilidhani kwangu mimi imekwisha. Kumbe Barafu alikuwa na sharti. Mzee asitolewe. Asiguse kitu, ila awepo, asalimie, maana sasa vijana wanaamka kabla ya saa kwa kuogopa kuulizwa wameamkaje.

Aproni mkamwana anaivaa kuoshea vyombo. Siku hizi anawaambia majirani kuwa mwanawe ni mshauri, na sauti anaipandisha.

Chiriku sasa ana timu nne, na zote kaniweka mimi. Mbali na Barafu kuna wa mapazia, wa mabomba, na wale wa kuchapisha fulana wanaoamka saa nne.

Wanangu mnaonisoma, neno langu ni fupi. Kuitikia si kutenda. Ukisema sawa, watu watajua umesikia, ila mlango wa friji bado uko chini. Lakini kuitikia msikuache, maana mtu aliyesalimiwa vizuri anaona haya kulala kazini.

Mniwie radhi, naishia hapa. Simu inalia, ni Barafu kaandika kwenye ile ofisi: Mzee leo umechelewa, kulikoni?