Mwaka Niliopewa Pole

Nakumbuka ile siku majirani walipoanza kuja kunipa pole, nami sikuwa nimefiwa wala sikuwa mgonjwa. Kahawa zilikuwa zimeanza kuiva na shule zilikuwa wazi, na hapo ndipo palipokuwa na neno. Hapa Ntobeye, mwalimu akionekana uani kwake saa nne asubuhi wakati wenzake wako darasani, watu hawaulizi. Wanajua ama anaumwa, ama amefukuzwa kazi, na kwa yote mawili wanakuja na mkungu wa ndizi.

Nakueleza haya wewe, Domina mwanangu, binti wa kaka yangu, kwa sababu jana baada ya misa nilikusikia ukimwambia jirani yetu Mama Anatoli kwamba umekuja likizo ya kawaida. Mimi nilishaambiwa ukweli. Wewe mwenyewe ulinipigia simu ukasema umeomba likizo bila malipo katika kazi yako ya uuguzi kule Nemba, umekubaliwa, na mwaka huu wote unataka kuandika hadithi na kutengeneza michezo ya kwenye simu. Nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Kumbe nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Kunywa chai yako taratibu, shangazi yako akwambie kilichomchekesha.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na nilikuwa mwalimu mzuri, sioni haya kulisema. Lakini kila nikishika chaki, akili ilikuwa inahangaika na kitu kingine. Nilitaka kuandika hadithi za watoto wa huku kwetu. Nilitaka pia kubuni mchezo wa kuchezwa juu ya ubao, watoto wasogeze punje zao njiani huku wakijifunza. Jioni nilikuwa narudi nimechoka, nasahihisha madaftari, napika, nalala, na asubuhi naamka na hamu ile ile. Mwishowe nikapiga moyo konde, nikaomba mwaka mmoja wa kukaa nyumbani bila mshahara.

Mume wangu Deogratias hakunizuia. Alijua atabeba nyumba peke yake, ada za watoto na kila kitu, na bado akakubali. Neno lake lilikuwa moja tu: nikirudi kazini nirudi na kitu mkononi. Kule Biharamulo kulikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kuchapa, naye aliniahidi kwamba nikimpelekea mchezo uliokamilika kabla shule hazijafunguliwa mwaka mpya, atauchapa. Kwa hiyo nilikuwa na mwaka wangu, na nilikuwa na mume aliyefunga mkanda kwa ajili yangu. Ule mwaka ukiisha mikono mitupu, ningemtazama vipi usoni?

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Kizito, jirani yangu wa ng'ambo ya bonde. Akaingia na ndizi kichwani, miguu imejaa udongo wa shambani, akasema, pole sana mwalimu. Sasa ningemwambia nini mwanamke yule? Kwamba niko nyumbani nachora vinjia kwenye boksi la sabuni? Nikasema asante, nimeshapoa. Maneno yale yalitoka yenyewe, na yakishatoka hayarudi. Kesho yake akaja mwingine, na keshokutwa wengine. Na unajua kwetu, mtu aliyekuja kutoa pole humwachi asimame. Utampa kiti, utamtafutia rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiwepo, utakaa naye mpaka yeye mwenyewe aseme sasa niage. Nikisikia hodi nilikuwa nasukuma kazi yangu uvunguni mwa kitanda kama mtu aliyeiba. Miezi ikawa inayeyuka. Mchezo haukwenda mbele, hadithi hazikwenda mbele, na mimi nikaanza kweli kufanana na mgonjwa waliyekuwa wanamjia.

Habari zikafika Rulenge kwa shangazi yangu Leokadia, kwamba mtoto wa kaka yake amefukuzwa ualimu. Akapanda gari akaja. Alinikuta sebuleni na wageni wangu wa pole. Nikampigia magoti, shikamoo shangazi, marahaba, kisha akanivuta jikoni nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Alirudi sebuleni, akakaa katikati ya watu, akajifunga kanga vizuri, akaniita mbele yao.

"Nani amekufa humu ndani?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi mbona unapokea pole? Watu wamekubebea ndizi kutoka ng'ambo ya bonde. Waambie unachofanya, au warudishie ndizi zao."

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kumzunguka. Nikawaambia. Nikasema niko hapa kwa hiari yangu, sijafukuzwa wala siumwi, ninaandika hadithi na ninatengeneza mchezo, na kazi hiyo nimeipa mwaka mzima. Nilitegemea wacheke, au waondoke wakanisengenye njiani. Mama Kizito akaweka kikombe chini, akasema basi tuuone huo mchezo.

Nikautoa uvunguni. Nilikuwa nimechora njia ya kutoka Ntobeye hadi sokoni, yenye vilima, daraja na kona, na kila mchezaji alisogeza punje yake ya kahawa. Kila kituo ulichukua kadi yenye swali. Ukikosa, unarudi nyuma. Maswali yalikuwa ya darasani: mito, hesabu, mikoa. Walicheza kwa heshima, kimya kama wako ofisini. Mama Kizito alikosa, akarudi mwanzo. Akakosa tena, akarudi tena. Mwishowe akaisukuma punje yake pembeni.

"Mwalimu," akasema, "huu ni mtihani. Mimi shule niliiacha kwa sababu ya mitihani."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, iliniuma. Nilikuwa nimeukumbatia mchezo ule peke yangu chumbani kwa muda mrefu, na nilikuwa nimeamini ni mzuri. Lakini wakati nakusanya kadi ili niukunje, Mama Kizito akaweka kidole juu ya lile daraja nililochora, akasema hapa ndipo alipodondosha chungu cha mama mkwe wake akiwa bado bibi harusi mpya. Akaanza kusimulia. Mwingine akadakia kwamba uongo, chungu hakikudondoka, ulikiuza. Wakabishana, wakasogezana, kila mmoja akatafuta kwenye ubao mahali pake. Mbuzi wa mtu alipotelea kwenye ile kona, mtu mwingine alichumbiwa kwenye kile kilima. Nikasimama na kadi zangu mkononi nikiwatazama, na furaha ikanijaa kifuani, maana nilikuwa nimeuona mchezo wangu.

Maswali yote niliyatupa. Kila kadi nikaiandikia mwanzo wa hadithi: umefika darajani ukamkuta ng'ombe amelala katikati, au mgeni amekuomba umbebee mzigo na mzigo unapiga chafya. Anayechukua kadi anamalizia hadithi, na wenzake wakiipenda, anasogea. Hadithi nilizokuwa nataka kuziandika na mchezo niliokuwa nataka kuubuni vikakaa pamoja kwenye ubao mmoja.

Tangu hapo hakuna aliyenipa pole. Walikuja, ndiyo, lakini mchana baada ya shamba, na walikuja kucheza. Niliwaambia wazi kwamba asubuhi ni yangu. Na ukitaka kujua nani aliilinda asubuhi ile, ni Mama Kizito mwenyewe. Akimwona mtu anakata kona kuja kwangu mapema, alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye migomba yake kwamba mwalimu yuko kazini, arudi baadaye. Yuko kazini. Neno hilo lilinitia nguvu kuliko sifa yoyote niliyopewa baadaye.

Mchezo ulifika Biharamulo kabla shule hazijafunguliwa, na yule mzee alitimiza ahadi yake. Siku nilipoleta boksi la kwanza, bado linanukia wino, Deogratias alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mezani, akawaita watoto, wakacheza. Akashindwa. Nilirudi darasani mwaka mpya ulipoanza, kichwa juu, na mchezo wangu chini ya kwapa. Kile kitabu cha hadithi sikukimaliza mwaka ule, sitakudanganya. Kilikuja kukamilika baada ya muda mrefu, kwa likizo fupi fupi za Desemba. Lakini nilikuwa nimeshajua kwamba nina uwezo huo, na anayejua hivyo hata akichelewa hakati tamaa.

Sasa nakupa nasaha yangu, mwanangu, na uishike. Kuacha kazi kwa mwaka mmoja ili ufanye kile kinachokuita si msiba, na si uvivu. Ni kazi, basi iite kazi, kwa sauti, mbele ya watu wako. Ukiificha, utaanza kuionea haya, na kitu unachokionea haya hukitengenezi vizuri. Usingoje mchezo wako ukamilike ndipo uutoe. Mpe simu Mama Anatoli auchezee, na akikwambia haueleweki, usinune, mtazame vidole vyake vinakwenda wapi. Asubuhi zako zilinde. Wala usiuchukie uuguzi. Wagonjwa wa Nemba watakungoja, na nina hakika wewe utakayerudi kwao utakuwa mchangamfu kuliko yule aliyeondoka. Mimi sina wasiwasi na wewe hata kidogo. Nimekuona tangu mdogo ukiwatungia wenzako michezo kwa vifuniko vya soda, wanagombana nani aanze.

Mungu aibariki mikono yako na macho yako mbele ya hiyo kompyuta. Akupe watu wa kukucheka kwa mapenzi, akupe na wa kukulindia asubuhi. Mwaka huu usikupite bure, na siku ukirudi kazini, urudi na kitu mkononi.

Haya, weka kikombe chini. Kutoka dirishani namwona Mama Anatoli anapanda njia, na kichwani ana mkungu wa ndizi. Hakuiamini likizo yako ya kawaida, maana alikuona ukishuka garini na godoro. Nenda mlangoni wewe. Msalimie shikamoo, mpokee mzigo, mpe kiti. Na akisema pole, usiseme asante.