Utani wa Shemeji Umenifuata Hadi Gold Coast

Admin, nifichie jina langu tafadhali. Mume wangu anaifuata hii page na comments huwa ananisomea kwa sauti. Akijitambua, potelea mbali, nimechoka kumeza.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Tanga, naishi Sydney, huku Bankstown. Napanga mizigo kwenye ghala moja Smithfield, mume wangu anaendesha lori la makontena kutoka bandarini. Yeye ni mkimya, na mimi ni mkimya zaidi. Siku nzima tunaweza kukaa sebuleni, yeye na simu yake, mimi na chai yangu, nami nilijua hiyo ndiyo raha yetu.

Nina mdogo wangu, tumbo moja, nimwite Rukia. Huyo Mungu alimpa mdomo wake na wangu pia. Anaishi Melbourne, anafanya kazi ya kutunza wazee. Watu wa Pwani mnaujua utani wa shemeji. Tangu niolewe Rukia anamwita mume wangu "mume wangu", na mimi ananiita "bi mkubwa". Nyumbani hakuna anayeshtuka. Shangazi zangu walikuwa wananijibia: "Mchukue tu, lakini anakoroma!" Watu wanacheka, yanaisha. Mimi sijawahi kujibu hata siku moja. Kutaniana sijui.

Basi juzijuzi Rukia kapata kazi huku Sydney, mume wangu akasema twende wote Gold Coast, mji wa ufukweni huku huku Australia, tukasherehekee. Hoteli yenyewe chini ni kasino. Sisi Waislamu, kamari hatugusi, tulifuata bwawa, chakula na maonyesho. Lakini jamani lile jumba! Taa zinawaka mchana kweupe, mashine zinalia kila upande, zulia lina rangi mpaka macho yanauma, na kila mtu anapiga kelele kama vile kashinda yeye. Muda si mrefu kichwa kikaanza kugonga. Nikawaambia waende kwenye onyesho la mchana, mimi nikajilaze. "Pole mke wangu," mume wangu akasema, huku miguu imeshageuka kumfuata Rukia.

Chumbani nilipumzika vizuri tu, nisiseme uongo. Nikaswali alasiri, nikashuka kuwatafuta. Nafika mlango wa ukumbi, nawaona wako jukwaani! Mshereheshaji alikuwa anaita wapenzi wapande wacheze mchezo wa zawadi, nao wamepanda. Akawauliza walikutana wapi. Rukia akachukua maiki, akajibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka: "Alimuoa dada yangu kwanza." Ukumbi mzima kicheko. Mume wangu, huyu huyu ninayemjua mimi, akaisogelea maiki akasema, "Na huyo wa kwanza amelala juu."

Watu walipiga makofi mpaka wengine wakasimama. Mimi niko pale mlangoni na kipochi changu. Wale Wazungu wangejuaje kwamba huo ni utani? Na pale hapakuwa na shangazi wa kunijibia.

Wakashinda. Zawadi yenyewe chakula cha jioni cha watu wawili, kando ya bwawa, na mishumaa juu. Mimi nikatangulia kurudi juu, nao wakaja chumbani wanacheka hawajiwezi. Rukia akasema, "Dada, nenda wewe na mumeo, mimi nitakula chipsi." Mwenzenu nikasema nendeni tu, kichwa bado. Nilichotaka ni mume wangu akatae. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Wakaenda! Wakaniletea kamba wa kukaanga kwenye boksi. Niliwala wote, na utamu wao ukanizidishia hasira.

Sidhani kama kuna jambo baya kati yao. Namjua Rukia, na mume wangu namjua. Kinachonichoma ni kile kicheko. Wivu nilionao siwezi hata kuueleza. Miaka yote hii nilidhani nimeolewa na mtu asiye na maneno, na ndiyo maana tunaendana. Kumbe maneno anayo, ila kwangu hayatoki. Tuliporudi nikamwambia sikupenda yale ya jukwaani. Akashangaa kweli. "Mtoto wa Tanga, umesahau utani?" Halafu akasema taratibu, "Mbona mimi nilifurahi. Sikumbuki mara ya mwisho nimecheka vile." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningegombana naye yakaisha.

Sasa Rukia anataka kukaa kwetu mpaka apate chumba, na vyumba vya Sydney mnajua balaa lake. Mume wangu ameshakubali. Amekipaka rangi kile chumba tulichokuwa tunawekea vitu, na alikuwa anapaka huku anaimba. Jana Rukia akanipigia. "Dada, niambie ukweli. Ukisema nisije, siji, na wala sikasiriki." Nikanyamaza. Akacheka: "Ukimya wako naujua. Hata walipokuja kukuuliza idhini ya ndoa ulinyamaza, wakasema umekubali." Akakata simu kwa furaha zake.

Anafika Jumamosi, kwa basi. Mume wangu ameomba ruhusa kazini akampokee. Mimi nilipofika kutoka Tanga nilipanda treni peke yangu kutoka uwanja wa ndege, na mabegi yangu, kwa sababu shifti yake ilikuwa haiwezekani kukatwa.

Wadada mlioolewa, na nyie kina kaka, nisaidieni mawazo kabla ya Jumamosi. Nimwambie mdogo wangu asije, na kosa lake liwe kwamba anamchekesha mume wangu? Au aje, mimi nikae pembeni niwasikilize wakicheka ndani ya nyumba yangu? Matusi msilete, ninayojitukana mwenyewe yananitosha.